Spika Aliyekabidhiwa Jeshi

Palikuwa na nchi iliyomkata kichwa sultani wake kwa kufuata kanuni zote. Hoja ililetwa, ikaungwa mkono, ikajadiliwa, ikapita, na asubuhi yake sultani akatolewa uani, akaombwa radhi kwa usumbufu, akakatwa. Tangu siku hiyo nchi ikaitwa Jamhuri, na wananchi wakaambiwa kwamba sasa wanajitawala wenyewe. Walifurahi sana, wakauliza waanzie wapi. Wakaambiwa warudi majumbani, wataitwa.

Aliyetawala ni Bunge. Hapo mwanzo lilikuwa Bunge kubwa, lakini jeshi, ambalo ndilo lililomshinda sultani vitani, lilikuwa na tabia ya kuja mlangoni kila lilipokasirika na kuwasaidia waheshimiwa kadhaa kutoka nje. Lilikasirika mara nyingi. Mwishowe wakabaki waheshimiwa wachache wa kujaza mabenchi ya mbele, wakiketi katika ukumbi uliojengwa kwa mamia, wakijibiwa na mwangwi wao. Wenyewe walijiita Bunge Tukufu. Watu wa sokoni waliliita Ukoko, kwa kuwa ndilo lililobaki limegandia chini ya sufuria baada ya wali kupakuliwa.

Spika wa Ukoko alikuwa Mzee Mwinyikai Shambe, naye alikuwa mwoga. Sisemi hivi kwa kumvunjia heshima, maana woga ndio sifa iliyompatia kazi. Waheshimiwa walikuwa wamegawanyika makundi makundi, na kila kundi lilikuwa na mtu wake wa kukikalia kiti cha Spika. Mwinyikai peke yake hakuwa na upande, kwa sababu aliziogopa pande zote sawasawa. Wanajeshi aliwaogopa kwa kuwa wana silaha, na waheshimiwa kwa kuwa wana hoja. Aliogopa pia radi, farasi, na ngazi zenye utelezi. Akiketi pale juu, siwa ya fedha imelazwa mezani mbele yake, alijihisi kama kifaranga juu ya paa, anayeonwa na kila mwewe.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Bi Mwanakweli, na mtoto mmoja wa kulea, Dachi, mwana wa marehemu mdogo wake. Mdogo wake alifia katika vita vya kumwondoa sultani, na Dachi akalelewa humo ndani tangu anatambaa. Sasa alikuwa kijana mrefu mwenye masharubu machanga, kapteni wa kikosi kidogo cha askari wa miguu. Mzee alimpenda jinsi waoga wanavyopenda, yaani kwa kumkataza. Asipande farasi mkali. Asisimame karibu na mizinga. Dachi huitikia, "Ndiyo, baba mkubwa," kisha huenda kupanda farasi mkali kuliko wote.

Basi ikatokea amiri jeshi wa Jamhuri akafa kitandani mwake kwa homa, jambo ambalo halikuwa limempata amiri jeshi yeyote kabla yake, na Bunge likashikwa na hofu. Aliyestahili kumrithi alijulikana hata na watoto. Alikuwa Jemadari Fumbwe, mtu mnene mwenye sauti ndogo ya upole, aliyeshinda kila vita alivyotumwa na aliyependwa na askari kuliko walivyowapenda mama zao. Hilo ndilo lililowatia waheshimiwa baridi. Walikuwa wamejifunza kwamba mtu anayependwa na askari huanza kwa kuwa amiri jeshi, kisha huwa Mlinzi wa Jamhuri, kisha siku moja anamwita sonara kwa siri ampime kichwa.

Mheshimiwa Kitete, ambaye ndiye aliyekuwa na pumzi ndefu kuliko wenzake wote, akasimama kueleza hatari hiyo. Alieleza tangu chai ya asubuhi hadi jua likapita dirishani. Alisema Jamhuri haihitaji amiri jeshi hodari, maana ushujaa ni mbegu ya usultani. Jamhuri inahitaji amiri jeshi asiyejua vita, asiyejulikana na askari, asiyetaka makuu, na ikiwezekana, alisema, awe anaogopa farasi.

Kisha vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea kwenye kiti.

Mzee Mwinyikai akafungua mdomo. Lakini Kanuni za Bunge zilisema wazi kwamba Spika hachangii mjadala, kazi yake ni kulihoji Bunge tu, na mzee alizijua Kanuni hizo kwa kuwa alisaidia kuzitunga. Akaufunga. Mheshimiwa Kitete akatoa hoja kwamba majeshi yote ya Jamhuri, ya miguu, ya farasi na ya mizinga, yawe chini ya Spika; na kwamba kila ofisa, kuanzia kanali hadi mshika bendera, apokee hati ya cheo chake kutoka mkononi mwa Spika humo humo ukumbini, akiwa kichwa wazi. Hoja ikaungwa mkono hata kabla hajaketi.

"Wanaoafiki waseme ndiyo," alisema Mzee Mwinyikai.

Wakasema ndiyo.

"Wasioafiki waseme siyo."

Palikuwa kimya hata kunguru walisikika wakitembea juu ya vigae. Mzee alingoja kupita muda unaoruhusiwa. Mtu mmoja tu humo ndani alikuwa na neno la kusema, na ndiye pekee aliyekatazwa kulisema.

"Walioafiki wameshinda," akasema, na sauti ikamkatikia njiani. Katibu wa Bunge akaandika kwamba Spika alizidiwa na furaha.

Bi Mwanakweli aliposikia habari hiyo aliuliza jambo moja tu, kama wamempa na upanga. Mzee akasema wamempa. Mkewe akamwambia auweke darini, nyuma ya mitungi, mahali ambapo hataukwaa.

Kabla ya kupewa hati, maofisa walipaswa kuchujwa, na kwa ajili hiyo Bunge liliunda Kamati ya Uchujaji chini ya Mheshimiwa Kitete. Waliingia watu waliolala matopeni miaka na miaka kwa ajili ya Jamhuri, wakahojiwa na watu waliolala vitandani kwa ajili hiyo hiyo. Waliulizwa wanaipenda Jamhuri kiasi gani. Aliyejibu kwamba anaipenda sana alikataliwa kwa kujikweza. Aliyejibu kwamba anaipenda kiasi alikataliwa kwa uvuguvugu. Kanali mmoja aliyepotewa na sikio katika vita vya mtoni alitakiwa kueleza sikio hilo liko wapi sasa, na aliposhindwa, Kamati ikaona haiwezi kuondoa uwezekano kwamba liko mikononi mwa adui na bado linasikiliza. Akavuliwa cheo. Nafasi yake akapewa mpishi wa mheshimiwa mmoja, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye neno baya juu yake isipokuwa katika habari za chumvi.

Waliopita mchujo waliingia ukumbini kupokea hati, nazo zikawa siku za mateso kwa Mzee Mwinyikai. Maofisa walipanga mstari tangu kwenye siwa hadi nje barabarani. Kila mmoja alivua kofia, akapanda ngazi ya kiti, akanyoosha mkono, na mzee alipaswa kumtazama usoni na kusema, "Pokea cheo hiki kutoka kwa Bunge, ambalo ndilo chemchemi ya nguvu zote." Aliwaambia hivyo watu wenye viganja vipana kama makasia. Walinuka baruti na jasho la farasi. Wengine waliipokea hati huku wakimtazama jinsi mnunuzi anavyomtazama mbuzi. Kanali mmoja mwenye kovu la moto shavuni aliukamata mkono wake pamoja na ile hati, akaushika kitambo, akamwambia taratibu, "Mkono wako baridi, mzee."

Jemadari Fumbwe naye alikuja, kama ofisa yeyote. Kamati ilikuwa imeogopa kumkataa, ikamwachia brigedi yake ya zamani. Alipanda ngazi akihema, akainamisha kichwa chake kinene, akasikiliza yale maneno ya chemchemi mpaka mwisho. Kisha akasogea karibu na kumnong'oneza mzee kwamba asiogope, wote hapo ni watumishi wake. Alitabasamu kwa wema kabisa. Siku hiyo Mzee Mwinyikai hakuweza kumeza chakula.

Katika siku zote hizo mkono wake ulitulia mara moja tu, pale Dachi alipopanda ngazi kupokea hati ya ukapteni. Kijana alikuwa amechana nywele kwa maji. Mzee aliyasema yale maneno kwa sauti iliyonyooka, na Dachi alipokuwa akishuka, mzee akasahau adabu za kiti, akamwambia aangalie ngazi.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo, kila mmoja akimwogopa mwenzake kwa kiasi kinachofaa, lau jeshi lisingeandika ombi. Fumbwe na makanali wake walikuwa wametumwa kaskazini kuzima uasi, wakauzima, na walipomaliza wakakaa kitako wakaliandikia Bunge. Lilikuwa ombi la heshima mno. Lilianza kwa sifa za Bunge, likaendelea na sifa za Bunge, na Katibu aliyekuwa akilisoma alilazimika kunywa maji kabla hajalifikia neno "lakini". Baada ya hapo maofisa waliomba kitu kimoja, kwamba asivuliwe mtu cheo chake pasipo kwanza kusikilizwa na baraza la wanajeshi wenzake.

Ukoko uliingiwa na hofu kubwa, na kama ijulikanavyo, mtu akiogopa sana huanza kupiga kelele. Mheshimiwa Kitete alisema kuliomba Bunge ni kulifundisha, kulifundisha ni kulitisha, na kulitisha ni uhaini. Mwingine akasema sifa zilikuwa nyingi mno kuwa za kweli. Kabla ya chakula cha mchana likapitishwa azimio la kumvua vyeo Jemadari Fumbwe na makanali wote waliotia sahihi, wakati huo huo majeshi yao yakiwa njiani kurudi mjini.

Baada ya kupitisha waheshimiwa walitazamana, kwa maana sasa ilibidi pawe na mtu wa kusimama mlangoni. Alitakiwa ofisa ambaye hakuna awezaye kusema ni mtu wa Fumbwe. Mheshimiwa Kitete akakigeukia kiti cha Spika na kusema kwa uso wa ukarimu kwamba Bunge, likitambua utumishi wa Spika, linampa zawadi. Kapteni Dachi apandishwe kuwa kanali, naye alinde milango ya Bunge Tukufu dhidi ya yeyote, hadi mtu wake wa mwisho. Wakapiga makofi mezani.

Hati mbili zikaletwa mbele ya Mzee Mwinyikai, moja ya kumshusha Fumbwe na nyingine ya kumpandisha Dachi. Aliiona wazi mitutu iliyoko nyuma ya ile ya pili. Aliwaza kuiacha kalamu idondoke, aseme mkono unamuuma. Lakini Mheshimiwa Kitete alikuwa akimtazama, na wenzake walikuwa wakimtazama Kitete, na mzee akafahamu kwamba Spika atakayekataa leo ataonekana ni mtu wa Fumbwe kabla jua halijazama. Akachovya kalamu. Akatia sahihi zote mbili, na wino haukumwagika hata tone.

Jioni ile, wakiwa mezani, Bi Mwanakweli alimngoja amalize kunawa.

"Umetia sahihi?"

"Nimetia."

"Ulijua ni ya nini?"

"Ni cheo, Mwanakweli. Kanali. Baba yake hakufika huko."

"Baba yake alifika alikofika," alisema Bi Mwanakweli, akaiondoa sahani mbele yake ikiwa haijaguswa.

Majeshi ya Fumbwe yaliingia mjini kesho kutwa yake, alfajiri, kwa utaratibu mzuri, yakikwepa kukanyaga bustani za watu. Yakafunga kila njia iendayo Bungeni. Kulipopambazuka Mzee Mwinyikai alipanda gari lake la farasi kama kawaida, kwa sababu lilikuwepo azimio kwamba Bunge liketi siku hiyo, na yeye aliogopa kuvunja azimio kama alivyoogopa kulitii. Mpambe wa Bunge aliketi mbele yake ameipakata siwa kama mtoto mgonjwa.

Karibu na uwanja wa Bunge gari likasimamishwa. Sajini mmoja mwenye mvi alishika hatamu za farasi na kuuliza wanakwenda wapi. Mzee alijua sheria inamtaka aseme nini, akachungulia dirishani, akasema, "Mimi ni Amiri Jeshi wenu."

Askari wakatazamana. Hawakucheka, na hilo lilimtisha zaidi. Yule sajini aliuliza kwa adabu walipata kuonana katika vita gani, maana yeye amekuwamo katika vyote na macho yake bado ni mazima. Mpambe wa Bunge alifumba macho.

Hapo akaja Jemadari Fumbwe mwenyewe kwa miguu, anahema, ameshika kofia mkononi. Alimwamkia mzee, akamsaidia kushuka, akamweleza mambo yalivyo kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kanali Dachi yuko mbele ya mlango wa Bunge na watu wake, magobori yameshindiliwa, tambi za kuwashia baruti zinawaka. Fumbwe alikwishamwomba apishe, naye amejibu kwamba ana amri ya Bunge, na anayeweza kuitengua ni Amiri Jeshi peke yake. "Jibu zuri la kijeshi," alisema Fumbwe kwa huzuni. "Mimi mwenyewe ningemfunza hivyo hivyo. Sasa, Mheshimiwa, nenda kamwambie apishe, sote turudi nyumbani. Jua likifika juu ya mnara ule nami nitakuwa sina tena la kufanya."

Mzee akasukumwa kwa upole uwanjani.

Ulikuwa uwanja mpana wa mawe, mtupu. Upande mmoja walisimama askari wa Fumbwe safu kwa safu, moshi wa tambi ukipanda juu ya kofia zao. Ng'ambo, chini ya ngazi za Bunge, walikuwepo watu wa Dachi, wachache tu wa kuhesabika, na Dachi mbele yao amechomoa upanga. Mzee alianza kutembea. Alipokaribia katikati, dirisha la ghorofani likafunguliwa na Mheshimiwa Kitete akatoa kichwa, akatangaza kwa sauti ya mjadala kwamba Bunge Tukufu linamwamuru Amiri Jeshi amwamuru Kanali Dachi apige risasi mara moja. Kisha akakirudisha kichwa ndani na dirisha likafungwa.

Mzee alisimama. Akimwambia Dachi apishe, Bunge likirudi kupata nguvu litamnyonga kijana kwa kuacha lindo. Akimwambia apige, Dachi atakufa sasa hivi, pale pale kwenye ngazi, mbele ya macho yake. Akamtazama. Kijana alikuwa amepauka midomo. Mzee alitaka kurudi nyuma, akakumbuka nyuma kuna nani. Kisha magoti yake, ambayo hayakuwa yamepata kumhudumia vizuri tangu ujana, yakaacha kazi kabisa, na Spika wa Bunge, Amiri Jeshi wa Jamhuri, akaketi chini katikati ya uwanja, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto.

Hakuweza kuinuka. Alijaribu, na miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Basi akabaki ameketi, macho yamekodoka, akingoja pande zote mbili zifyatue, na nguo yake ikalowa, nami hapo sitaongeza neno.

Jua lilifika juu ya mnara. Fumbwe aliinua mkono, lakini hakuushusha, kwa kuwa yule kanali mwenye kovu alimsogelea na kumuuliza swali. Ikiwa mzee yule atauawa, na ni mkono wake uliotoa vyeo vyao vyote, je, yeye kesho atakuwa bado kanali? Fumbwe akafikiri. Makanali wengine walisikia, nao wakaanza kufikiri, na hofu ikatembea katika safu za maofisa kama panya chini ya mkeka. Wote walikuwa watu wasioogopa kufa, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kufa akiwa raia. Ghorofani nako iliulizwa kama Bunge ni Bunge pasipo Spika, Kanuni zikafunuliwa, na waheshimiwa wakagundua kwamba akifa huyo mzee, wao ni watu waliojificha tu katika nyumba ya serikali.

Kwa hiyo hakuna aliyefyatua. Jua lilizidi kupanda. Tambi ziliungua hadi vidoleni na askari wakazitupa. Askari akimwona amiri wake ameketi, naye huona haya kusimama, au huona nafuu. Wa upande huu wakakaa chini, wa upande ule wakakaa. Walikuwa watu wa mitaa ile ile. Mmoja akauliza habari za dada wa mwenzake. Wanawake wakapenya na vikapu vya mihogo ya kuchemsha. Alasiri ilipoingia, Fumbwe na Kitete walikwishakubaliana kwamba ombi halikuandikwa, azimio halikupitishwa, kila mtu arudi katika cheo chake, na Dachi abaki na ukanali maana hakuna aliyekumbuka jinsi ya kuuondoa.

Dachi ndiye aliyekuja kumwinua mzee. Alimnyanyua mikononi, akamvika joho lake kuficha nguo, akampeleka hadi kwenye gari. Mzee alilia njia nzima kwa shukrani.

Angelia zaidi kama angejua yanayofuata. Mji mzima ulikuwa umeona, au uliambiwa na walioona, kwamba Mzee Mwinyikai alitembea peke yake hadi katikati ya mitutu na kuketi, akaikodolea macho mauti kutwa nzima, akaisimamisha. Sokoni watu walimpisha njia. Watoto wa mitaani wakaanzisha mchezo wa kukaa chini. Alipowaeleza kwamba ilikuwa ni miguu tu, wakasema tazama unyenyekevu wake. Askari, hata wale wa Fumbwe, wakaanza kumpigia saluti bila kuamriwa, na yule sajini mwenye mvi alikuwa akisimulia kwamba yeye ndiye aliyeshika farasi wa Amiri siku ile.

Bungeni habari hizo zilipokewa kwa hofu. Waheshimiwa walikuwa wamempa jeshi mtu mwoga, na sasa wanaambiwa ni shujaa. Jemadari Fumbwe alialikwa chakulani kwa Mheshimiwa Kitete, kwa mara ya kwanza tangu Jamhuri izaliwe, na inasemekana walielewana sana. Fumbwe alisema kwa sauti yake ya upole kwamba mtu asiyeuogopa upande huu wala upande ule, basi upo upande wa tatu anaoutumikia, na upande wa tatu ni yeye mwenyewe. Kitete akaitikia kwamba ndivyo masultani wote walivyoanza.

Mzee akanusa jambo hilo, maana pua yake kwa hatari ilikuwa kali siku zote. Akafanya lile ambalo hakuwahi kulifanya. Aliinuka katika kiti, Kanuni zikiwa zimekataza, akawaambia waheshimiwa ukweli. "Niliogopa," alisema. "Miguu ilinifia. Nilijikojolea mbele yenu nyote. Nichukulieni jeshi hili, nakuombeni."

Kisha akasikia, pale mbele, mheshimiwa mmoja akimnong'oneza jirani yake kwamba mtu anayeweza kusema hayo hadharani hana kitu tena anachokiogopa.

Azimio lilipitishwa faraghani, Spika akiwa ameambiwa hakuna kikao. Lilimshukuru kwa utumishi wake, likampa mapumziko ya heshima katika ngome ya Kisiwa cha Chumvi hadi mwisho wa maisha yake, na likaagiza apelekwe na ofisa ambaye uaminifu wake Bunge lilikuwa na sababu ya kutaka kuuona.

Dachi alifika adhuhuri, chakula kikiwa mezani. Askari wake aliwaacha uani. Aliingia na viatu, akasimama karibu na mlango, akaitoa amri na kuisoma yote, kila neno, kwa sauti ya mtu anayesoma kaburini. Alipomaliza hakujua la kufanya na karatasi, akaikunja.

Bi Mwanakweli akamwambia akae ale. Alijibu kwamba ameshiba. Katika nyumba hiyo Dachi hakuwahi kushiba.

"Dachi," alisema Bi Mwanakweli, "huyu ni baba yako mkubwa."

"Najua, mama mkubwa. Ndiyo maana wamenituma mimi."

Mzee aliinuka. Alikwenda kuchukua joho, na alipogeuka ghafla kulitoa nyuma ya mlango, Dachi aliruka hatua moja nyuma na mkono ukaenda kwenye mpini wa bastola. Wote watatu wakasimama hivyo. Joho lilikuwa mkononi mwa mzee, linaning'inia.

Hofu ilikuwa imekaa naye maisha yake yote. Aliijua rangi yake, jinsi inavyokausha mdomo na kuinua mabega. Sasa aliiona yote, imekaa katika uso wa mtoto aliyemfundisha kutembea. Dachi hakuwa akimwogopa Fumbwe, wala Kitete. Alikuwa akimwogopa yeye.

"Mwanangu," alisema, "siku ile ilikuwa miguu tu."

Dachi alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini mkono haukutoka kwenye mpini. "Nilikuwa nikikutazama usoni, baba mkubwa. Hukupepesa jicho."

Mzee hakubishana. Alimuaga mkewe, ambaye alikuwa akifunga nguo zake katika shuka na hakuinua uso. Uani askari walipiga saluti kabla hawajajizuia. Ndani ya gari Dachi hakuketi ubavuni pake kama alivyozoea. Aliketi mkabala, mgongo wima, bastola juu ya paja, na kila gurudumu lilipogonga jiwe aliishika.

Basi Mzee Mwinyikai akaitoa mikono yake ndani ya joho, akaiweka juu ya magoti, viganja juu na vidole wazi, akakaa nayo hivyo njia nzima hadi baharini, ili mtoto aione na asiogope.